Istilahi za Mashua Ndogo ya Tanga: Mlingoti, Foromali na Kamba Zake

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuiandika ubaoni methali isemayo, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Maana yake ya ndani wanafunzi huipata upesi: mtu azunguke azungukavyo, mwishowe hurejea kwao. Lakini akiwauliza tezi ni upande gani wa chombo, omo ni upande gani, na ngama ni kitu gani, aghalabu darasa zima hunyamaza. Methali imebaki, chombo kimeondoka.

Hasara hiyo haiishii kwenye methali. Miongoni mwa maandishi yanayoombewa tafsiri siku hizi yamo maelekezo ya vifaa vya michezo na burudani, na baadhi yake yahusu mashua ndogo za tanga. Anayeyatafsiri hujikuta mbele ya maneno hamsini au zaidi ya kamba, miti na vyuma, na mara nyingi hudhani kuwa Kiswahili hakina maneno hayo. Kumbe mengi yamo. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 ziliandika maneno mengi ya mabaharia wa pwani, na wavuvi wangali wakiyatumia kila siku kabla ya jua kuchomoza.

Katika makala haya tunakusudia kuifuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kuandaa zana za tanga za mashua ndogo iliyokwisha tumika, na katika kila hatua kupendekeza istilahi. Tumechagua njia hii kwa sababu neno la ufundi haliwezi kupimwa likiwa peke yake katika orodha. Hupimwa kazini, mahali ambapo kamba hii yapaswa kuvutwa na ile kuachiwa.

1. Mashua tuliyoichagua

Mashua tutakayoitumia kuwa mfano ni ile iitwayo Mirror. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt, mbunifu wa mashua, pamoja na Barry Bucknell, aliyejulikana nchini humo kwa vipindi vya televisheni vya kuwafundisha watu ufundi wa nyumbani. Jina lake latokana na gazeti la Daily Mirror la London, ambalo ndilo lililoieneza. Kusudi lilikuwa kumpatia mtu wa kipato cha kawaida mashua anayoweza kuiunda mwenyewe nyumbani kwa mbao za plaiwudi. Urefu wake ni mita 3.3, na mwili wake mtupu una uzito wa kilo 45 hivi. Matanga yake ya asili ni mekundu. Zimekwisha undwa zaidi ya 70,000, na kwa hiyo zinazouzwa na kununuliwa mkononi ni nyingi.

Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, miti yake ya tanga ni mifupi kiasi cha kuweza kulazwa ndani ya mashua yenyewe, na jambo hilo limewezekana kwa sababu ina foromali, mti ambao mabaharia wetu waujua vizuri. Pili, mbao zake huunganishwa kwa kushonwa. Mwundaji hutoboa matundu ukingoni mwa mbao, huzishona kwa vipande vya waya wa shaba, kisha huziba maungio kwa utepe wa faibaglasi na gundi. Msomaji atakumbuka mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Mtepe haukuwa mzazi wa Mirror, na mishono ya mtepe ndiyo iliyoubeba mzigo wote, hali ile ya Mirror ni ya kushikiza tu mpaka gundi ikauke. Hata hivyo mtafsiri asisite kusema kuwa mashua hii "hushonwa". Kiswahili kimekuwa na vyombo vya kushonwa kwa karne nyingi.

Na chombo chenyewe tukiite nini? Kihori hakifai, maana hicho ni cha kuchongwa. Dau lina umbo lake. Mashua, katika matumizi ya pwani, ni chombo cha mbao za kuunganishwa, chenye tezi iliyokatwa bapa, na ndivyo ilivyo Mirror, ingawa hii ina ubapa hata kwenye omo. Twapendekeza "mashua ndogo ya tanga".

2. Mitego ya tafsiri

Kabla ya kugusa kamba yoyote, yafaa kuonyesha hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kufuata kamusi ya kawaida. Kwa Kiingereza, kamba inayoongoza tanga huitwa kwa neno lile lile litumikalo kwa shuka ya kitanda na kwa ukurasa wa karatasi. Waya zinazoushikilia mlingoti ubavuni huitwa kwa neno la sanda. Kamba ya kufungia mashua gatini huitwa kwa neno la mpaka rangi. Mtafsiri aliyekaa mbali na bahari, mwenye kamusi nzuri na bidii nyingi, aweza basi kuandika kwa moyo safi: "Kaza sanda zote mbili, mfunge mpaka rangi gatini, kisha legeza shuka." Sentensi hiyo ina sarufi timamu, lakini haina maana hata kidogo.

Hatari ya pili ni kutohoa bila kutazama. Tanga dogo la mbele kwa Kiingereza lina jina ambalo likitoholewa hutupatia "jibu". Mti wa chini wa tanga kuu ukitoholewa hutupatia "bumu", na bumu tayari ni jina la jahazi kubwa lililokuwa likija katika bandari zetu kutoka Ghuba ya Uajemi. Tena sauti yake yakaribiana mno na bomu. Mwalimu wa mashua akipaza sauti, "Angalia jibu!" au "Jihadhari na bumu!", mwanafunzi atabaki akijiuliza swali ni lipi, au atakimbia.

Hatusemi kwamba kutohoa ni aibu. Usukani ulitoka Uarabuni, nahodha alitoka Uajemi, na roda ya kapi ilitoka kwa Wareno. Lakini maneno hayo yaliingia mikononi mwa watu waliokuwa wakivuta kamba. Yakasuguliwa na kazi mpaka yakakaa, na yale yaliyogongana na mengine yakatupwa. Neno linalotoholewa mezani halijapita tanuri hilo. Ndiyo maana utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo twende nje.

3. Kuukagua mwili wa mashua

Anayenunua mashua iliyokwisha tumika kwa kawaida hukabidhiwa mwili wa mashua, miti mitatu, na furushi la kamba zisizo na majina. Asianze na kamba. Aanze na mbao.

Maji huozesha plaiwudi kwanza pale yanapotuama: chini ya omo, kwenye tezi, na kuzunguka kisanduku cha kati. Ncha ya kisu ikizama kwa urahisi, ubao huo umeoza na lazima ukatwe na kuwekwa mwingine. Kisha kuna "visanduku vya hewa", ambavyo ni sehemu zilizozibwa pande zote ili mashua ielee hata ikijaa maji. Kila kimoja kina kizibo. Vizibo hufunguliwa mashua iwapo nchi kavu ili unyevu utoke, na hufungwa kabla haijaingia majini. Anayesahau kuvifunga ameibadili mashua isiyozama ikawa ya kuzama. Kwa hiyo neno "kizibo" liwekwe katika maelekezo kwa herufi zinazoonekana.

Kuhusu uzibaji wa nyufa, Kiswahili kina kalafati. Hilo ni neno la pamba inayogongomewa baina ya mbao, na twaona libaki na kazi hiyo. Utepe na gundi ya Mirror si kalafati, nao uitwe "utepe wa maungio". Maji yakiingia ndani hukusanyika ngamani, na hutolewa kwa upo. Kuyatoa ni "kufua maji". Basi, tumeipata tezi, tumeipata omo, na tumeipata ngama, na methali yetu imerudishiwa chombo chake.

4. Mlingoti na waya zake

Mlingoti husimamishwa kwanza, mashua ikiwa imeelekezwa omo kwenye upepo. Katika vyombo vyetu mguu wa mlingoti hukaa juu ya mwashiri, gogo nene lililolazwa chini kwa urefu wa chombo. Katika mashua ndogo pahala hapo ni kibao tu chenye tundu, lakini kazi ni ile ile, na twapendekeza neno "mwashiri" litumike bila wasiwasi.

Waya tatu huushikilia mlingoti usianguke: mmoja huenda omo, na miwili huenda ubavu wa kulia na wa kushoto. Hapa ndipo msamiati wetu wa asili unapopungua, na sababu yake yafaa kuelezwa. Jahazi linapogeuzwa, foromali yake ndefu hupitishwa mbele ya mlingoti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waya wa kudumu uendao omo ungeizuia. Kwa hiyo mabaharia hutumia kamba za kuhamishwa, wakizikaza upande utokako upepo na kuzihamisha kila chombo kigeukapo. Lugha haina neno la kudumu kwa kitu ambacho chombo hakikuwa nacho kwa kudumu.

Twapendekeza maneno ya wazi: "waya wa omo" na "waya wa ubavu". Kila waya wa ubavu wa Mirror hufungwa kwenye bamba la chuma kwa kamba nyembamba inayopitishwa mara kadhaa na kukazwa. Kamba hiyo tuiite "kigwe", neno zuri ambalo lingali hai. Vigwe vikaguliwe kila mara, maana mlingoti mzima wategemea kamba mbili ambazo kila moja ni nyembamba kuliko kidole.

5. Foromali na boriti

Foromali ya jahazi hubeba tanga lote, nayo huning'inia mshazari mbele ya mlingoti. Foromali ya Mirror hupandishwa mpaka ikasimama wima sambamba na mlingoti na kupita juu yake, kana kwamba mlingoti umeongezewa urefu. Mguu wake una taya mbili zinazoukumbatia mlingoti. Je, yastahili jina moja na ile ya jahazi? Twaona yastahili. Foromali ni mti unaopandishwa pamoja na tanga lililofungwa kwake, na sharti hilo limetimizwa. Tofauti ya pembe haihitaji neno jipya. Ni lazima tuongeze kwamba baadhi ya Mirror za miaka ya karibuni zina mlingoti mmoja mrefu usio na foromali. Mtafsiri atazame kwanza picha ya mashua anayoielezea.

Mti wa chini ni jambo jingine. Tanga la jahazi na la ngalawa halina mti wa chini, na kwa hiyo hakuna neno tuliloliona kuwa la asili kwake. Mapendekezo mawili yamekuwa yakifikiriwa. La kwanza ni "foromali ya chini". Lina faida ya kueleweka, lakini lina kasoro mbili. Mti huo haupandishwi, na kwa hiyo si foromali. Tena ndio mti unaovuka mashua kwa ghafla upepo ugeukapo na kuwapiga watu vichwani. Neno la kuonyea lazima liwe fupi, na lisifanane na la mti mwingine. La pili ni "boriti". Kila mtu alijua, hutamkika kwa pumzi moja, na halimo mahali pengine popote katika mashua hii. Kasoro yake ni kwamba boriti ya nyumba haisogei, na hii husogea. Twaona kasoro hiyo ni nyepesi. Mwanafunzi akisikia "Boriti!" atainama kwanza, na juu ya tofauti ya boriti na boriti atafikiri baadaye.

6. Tanga: pembe na kingo zake

Mirror ina matanga mawili, na twapendekeza "tanga kuu" na "tanga la omo". Pembe ya chini iliyo upande wa mbele ni goshi, au joshi kama wasemavyo wengine. Pembe ya chini ya nyuma, ambapo kamba ya kuongozea hufungwa, tuiite "pembe ya demani". Iliyo juu ni "pembe ya juu". Kingo nazo ziwe za mbele, za nyuma na za chini. Kamba iliyoshonewa ukingoni kulipa tanga nguvu ni dasi. Katika Mirror, dasi ya ukingo wa mbele huingizwa katika mfuo uliochongwa kwenye foromali, na hiyo ndiyo hufanya tanga lishikamane na mti. Vipande vyembamba vinavyotiwa katika mifuko ya ukingo wa nyuma ili usipigepige ni "fito", na Mswahili hahitaji kuelezwa fito ni nini.

Anayenunua matanga yaliyotumika alinyooshe kila tanga juani na kuangalia nyuzi za mishono. Kitambaa cha terilini hudumu, lakini jua hula nyuzi kabla ya kitambaa. Uzi ukikatika kwa kukwaruzwa na ukucha, mshono wote ushonwe upya.

7. Kamba za kupandisha na kamba za kuongoza

Hili ndilo shina la makala haya. Kamba zote za mashua ndogo zaweza kugawanywa mafungu mawili ambayo kamwe yasichanganywe.

Fungu la kwanza ni la kupandisha. Katika jahazi, henza ni kamba nene inyanyuayo foromali, nayo huvutwa kwa msaada wa jarari ipitayo katika makapi. Mashua ndogo ina kamba moja tu inayopita katika roda kileleni mwa mlingoti. Twapendekeza iitwe "henza", na "jarari" liachwe kwa kamba ya makapi, pale yanapokuwapo. Henza ya tanga kuu hufungwa kwenye foromali, na henza ya tanga la omo hufungwa kwenye pembe ya juu ya tanga hilo. Kutumia henza ni "kutweka", na kinyume chake ni "kutua". Henza kuukuu hurefuka ikivutwa. Matokeo yake foromali huachana na mlingoti na tanga hulegea mbele. Wengi wamelaumu tanga lao bure, hali kasoro iko kwenye henza. Ibadilishwe kwa kamba isiyonyumbuka.

Fungu la pili ni la kuongoza, na neno lake ni demani. Tanga kuu lina demani moja, itokayo tezi na kupita katika kapi la boriti. Tanga la omo lina demani mbili, ya kulia na ya kushoto, na kila moja hupitishwa katika pete yake na kufungwa fundo mwishoni ili isichomoke. Demani ikivutwa, tanga huja ndani. Ikilegezwa, tanga huenda nje na kumwaga upepo.

Sasa fikiri upepo umevuma ghafla na mashua inalala ubavu. Dawa ni moja: kuachia demani. Kitabu kikiwa kimeandika "achia kamba" tu, au mtafsiri akiwa ameita henza na demani kwa jina moja, mwanafunzi aweza kuifungua henza, na foromali pamoja na tanga vikawaangukia waliomo. Katika kazi nyingi za istilahi, kosa la neno huleta aibu. Katika kazi hii laweza kumpasua mtu kichwa.

Kuna atakayesema kuwa demani lina maana nyingi: ni kamba, ni majira ya mwaka, na pia hutajwa kwa upande wa chombo usiotokea upepo. Hilo ni kweli, lakini maana hizo hazigombani kazini. Hakuna anayeweza kulegeza majira ya mwaka. Kinyume chake, uhusiano wa maana hizo wafundisha, kwa kuwa pembe ya demani huelekea upande wa demani, na goshi huelekea upande utokako upepo, yaani goshini. Mtafsiri aangalie tu asifasiri goshini na demani kuwa kulia na kushoto. Kulia na kushoto kwa mashua hakubadiliki, lakini goshini na demani hubadilishana kila mashua igeukapo.

8. Mkuku wa kuchomeka, usukani na kana

Jahazi lina mkuku wa kudumu. Mirror haina. Badala yake ina ubao unaopenyezwa katika kisanduku cha kati mpaka ukatokeza chini. Bila ubao huo upepo wa ubavuni huisukuma mashua upande kama jani. Twapendekeza "mkuku wa kuchomeka", kwa sababu huingia na kutoka mfano wa kisu katika ala. Mashua nyingine zina ubao unaozunguka kwenye pini na kukunjwa. Huo uitwe "mkuku wa kukunja". Kwa njia hii maneno mawili yatofautisha aina mbili, na yote yabaki ndani ya ukoo wa mkuku.

Usukani huning'inizwa kwenye tezi kwa pini na pete, na mti wa kuushikia ni kana. Hapa hatuna la kupendekeza ila kuonya: gari limelichukua neno usukani kwa gurudumu la dereva, na mwanafunzi wa mjini aweza kutafuta gurudumu. Kinachoshikwa mkononi ni kana, na kinachokata maji ni usukani. Kana ikisukumwa kulia, omo huenda kushoto.

Utaratibu wa mwisho ni huu. Mashua iwe imeelekea upepo. Tanga la omo litwekwe, kisha tanga kuu, na demani zote ziwe huru wakati wote huo. Usukani ushikizwe. Mashua isukumwe majini, na mkuku uchomekwe maji yakiwa na kina cha kutosha. Ndipo demani zivutwe. Kwa anayejifunza, upepo wa noti 7 hadi 10 watosha.

9. Maneno ya amri

Katika kugeuza chombo Kiswahili kina utajiri ambao haufai kupotezwa. "Kupindua kwa goshi" ni kugeuza omo ipite kwenye upepo. "Kupindua kwa damalini" ni kugeuza tezi ipite kwenye upepo. Kwenda kwa kupinduapindua dhidi ya upepo ni "kubisha". Tofauti ya miundo miwili ya kwanza ni muhimu sana, maana katika kupindua kwa damalini boriti huvuka kwa nguvu. Mtafsiri anayeandika "geuza mashua" kwa yote mawili amefuta onyo lililokuwamo katika matini ya asili.

10. Orodha ya mapendekezo

Boriti: mti wa chini wa tanga kuu.
Dasi: kamba iliyoshonewa ukingoni mwa tanga.
Demani: kamba ya kuongozea tanga.
Fito: vipande vya kunyoosha ukingo wa nyuma wa tanga.
Foromali: mti upandishwao pamoja na tanga.
Goshi: pembe ya chini ya mbele ya tanga.
Henza: kamba ya kutwekea tanga au foromali.
Kana: mkono wa usukani.
Kigwe: kamba nyembamba ya kukazia waya wa ubavu.
Kisanduku cha hewa: sehemu iliyozibwa ya kuelezea mashua.
Mkuku wa kuchomeka. Mkuku wa kukunja: ubao wa kuzuia mashua isisukumwe upande.
Mwashiri: pahala pa kukalia mguu wa mlingoti.
Tanga kuu; tanga la omo.
Upo: chombo cha kufulia maji.
Waya wa omo. Waya wa ubavu: nyaya za kushikilia mlingoti.
Zana za tanga: miti, waya, kamba na matanga kwa pamoja.

Yako mambo mawili ambayo twayaacha wazi. Kwanza ni lahaja. Maneno ya Lamu, Pemba, Unguja na Mafia hayalingani yote, na wavuvi wa Ziwa Victoria, ambao nao hutweka matanga, wana yao. Tumechagua yale yaliyoenea zaidi katika kamusi, lakini kuenea katika kamusi si sawa na kuenea majini. Pili ni boriti na waya wa ubavu, ambayo ni mapya katika kazi hii na hayajapata kushikwa na mikono mingi.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji walio karibu na maji, hasa walimu, waichukue orodha hii mpaka ufukweni, wamsomee nahodha wa ngalawa au mshiriki wa klabu ya mashua za tanga, na kumwomba aguse kila kitu kinapotajwa. Pale mkono wake utakapokwenda bila kusita, neno limefaa. Pale utakaposita, tuandikiwe, pamoja na neno alilolitumia yeye.